Kufuli la Pombe na Kata ya Mama

Hagsätra,
Stockholm,
Tarehe 16 Februari 2025.

Mpendwa Dada Aikande,

Bwana Yesu asifiwe. Naomba barua hii uisome ukiwa umeketi, miwani iko puani, na wajukuu umewatuma dukani. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea bado ipo, au umeshamgawia kila mwenye goti pale Machame? Na Shemeji je, kile kikohozi chake cha asubuhi kimepungua? Mwambie namkumbuka, na kwamba akiendelea kuvuta sigara nyuma ya zizi akidhani humwoni, mimi huku Ulaya namwona.

Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu ni ya kiburi, theluji inayeyuka mchana na kuganda tena jioni, tunatembea kama bata. Severin wangu anakusalimu sana, bado anafanya kazi ileile ya kupanga mizigo. Axel amempita baba yake urefu na sasa anamtazama kutoka juu. Rebecka ametimiza miaka kumi na minane mwezi uliopita na anajifunza kuendesha gari. Habari za Rebecka nitazirudia, maana barua yote hii ni yake.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Dada, simu yako husikilizwa na ukoo mzima. Unaiweka sauti juu, na kabla sijamaliza salamu nasikia watu watano wanaitikia. Hili si la kuitikiwa. Elijah wa kwaya yetu anakuja Moshi kuoa, nimemkabidhi bahasha hii aitie mkononi mwako wewe, asimpe mtu mwingine.

Sasa nilitoe kabla sijaogopa. Mei mwaka jana nilikamatwa na polisi nikiendesha gari nikiwa na pombe mwilini. Ndiyo, mimi Elieshi, sauti ya pili ya kwaya, niliyekuwa nikikufokea ukionja divai ya harusi. Na Rebecka alikuwa kiti cha mbele.

Ilikuwa kipaimara cha Axel. Picha nilizokutumia ni za keki na suti yake, sikukutumia za siku iliyofuata. Ule ulezi wako wa kimea na lile gome la msesewe ulilolifunga kwenye gazeti vilifika salama, nikasema mwanangu wa kiume hatapata kipaimara kwa soda. Nilinunua ndizi zilizoanza kuiva madoa mpaka muuza duka akaniuliza kama nafuga nyani. Nilipika wiki nzima. Jirani wa ghorofa ya juu alishuka kuuliza kama kuna bomba limepasuka. Lakini mbege ilikubali, Dada. Ilitoka nzito, yenye uchungu kidogo mwishoni, kama ya Mama.

Nikaishusha ukutani ile kata ya Mama, ya kibuyu, niliyokuja nayo. Unakumbuka alivyotufundisha: anayegawa ndiye anayeonja, anaonja mbele ya macho ya mgeni, na kuonja kwa ncha ya ulimi ni matusi. Mafundo mawili, unapangusa ukingo kwa kiganja, ndipo unampa mgeni kwa mikono miwili. Walikuja wageni kumi na tisa, watu wa Bujumbura, wa Kampala, wa Kisumu, wa Goma, na kila mmoja nikamwonjea. Wengine waliomba tena, nikaonja tena. Jirani yetu Dative, Mrundi mwenye kicheko kikubwa, yeye peke yake nilimwonjea mara nne, akiapa kwamba pombe ya ndizi ya kwao haifui dafu mbele ya hii. Sikujiona nimelewa. Nilijiona nimeshiba na nimefurahi, basi. Na wewe unajua, kwetu hakuna anayesema fulani amekunywa pombe kwa kuwa amekunywa mbege. Mbege ni chakula. Hata wagonjwa hupewa.

Nikalala vizuri. Asubuhi saa mbili kasoro nikapakia sufuria la pilau iliyobaki kwa ajili ya watu wa kanisani, Rebecka akaingia, tukaondoka. Hatujafika mbali, polisi wamepanga mistari, wanasimamisha kila gari. Mpolisi wa kike, mpole, akaniuliza kama nimekunywa chochote. Nikasema hapana. Akauliza tena, Kiswidi changu kikanipotea, na Rebecka akainama mbele yangu akamjibu kwa niaba yangu. Akamwambia mama yangu hanywi, hajawahi kunywa maisha yake yote, yeye ni mtu wa kanisa. Alisema kwa fahari, Dada. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba yao.

Kisha nikapuliza. Yule mpolisi akatazama namba, halafu hakunitazama mimi, alimtazama mwanangu, kwa huruma. Uso wa Rebecka wakati ule sitaki kukuandikia.

Leseni ilichukuliwa palepale na gari likabaki kando ya barabara. Tulitembea hadi stesheni tumebeba lile sufuria la pilau, yeye ameshika upande mmoja na mimi upande wa pili. Tulipofika nyumbani alisema neno moja tu, kwamba nimemfanya aseme uongo mbele ya polisi. Nikamjibu kwamba mbege si pombe. Akafunga mlango wa chumba chake.

Nikueleze sasa huku mambo yanavyokwenda, maana najua utauliza. Nililipa faini. Halafu unapewa njia mbili: ukae mwaka mzima bila kuendesha, au uombe kuendesha mwaka huo ukiwa na kitu wanachokiita alkolås, yaani kufuli la pombe. Ni kidude kinachofungwa ndani ya gari, unakipulizia kabla ya kuwasha. Kikiridhika na pumzi yako gari linawaka. Kisiporidhika gari linanuna, na kinaandika tarehe na saa, wenyewe wasome baadaye. Kazi yangu ya kuwatunza wazee majumbani haifanyiki bila gari, leo niko Hagsätra na baada ya saa moja niko Bredäng. Nikachagua kufuli.

Lo! Kulichagua ni rahisi, kulipata ni hija. Bima ya gari ilikuwa inaisha mwezi ule ule. Kampuni ya bima ikasema ile ndogo ya lazima watanipa, ila kwa bei ya mtu wa hatari. Kwa ile kubwa, ya kulipia gari lako mwenyewe likiumia, watangoja kwanza waone kufuli limefungwa. Karakana wakasema hawafungi kufuli mpaka waone barua ya idara ya leseni, na bima iwe hai. Idara wakasema barua itatoka daktari akishapima damu yangu na kuandika kwamba mimi si mlevi. Daktari akasema nafasi ipo Agosti. Mtu wa hatari, Dada! Mimi ambaye kuku akichinjwa natoka nje.

Na hapo ndipo nilipojua Rebecka alikuwa nani katika nyumba hii. Tangu akiwa na miaka tisa, kila bahasha ya serikali aliifungua yeye, akaisoma, akaniambia niweke sahihi wapi. Sasa alizikusanya mlangoni, akaziweka mezani zikiwa zimefungwa, akaenda zake. Nikajifunga kibwebwe. Nilikaa kwenye simu nikiambiwa mimi ni wa ishirini na sita kwenye foleni, nikipigiwa muziki wa kinanda, na nilipopata mtu nilizungumza Kiswidi changu hichohicho cha kuchechemea. Severin alibandika karatasi kwenye friji, nani anataka nini kutoka kwa nani, na mishale. Ilionekana kama ukoo wa watu waliogombana kuhusu shamba. Mwisho tulipata mwanya: mama mmoja wa bima alikubali kuniandikia kwamba ile ndogo inaendelea, karakana wakaipokea hiyo pamoja na barua ya idara, na kufuli lilipofungwa ndipo ile kubwa ikarudi, imepanda bei lakini imerudi. Yule mama sikuwahi kumwona sura. Namuombea.

Fundi aliyelifunga anaitwa Filip, kijana wa Sundbyberg mwenye ndevu nyekundu. Alinifundisha kwamba hupulizi tu, unapuliza huku ukivuma kwa koo, hmmm, hivyo hivyo mpaka kilie. Watu wengi hushindwa mara ya kwanza, mimi nilifaulu papo hapo. Faida ya kuimba sauti ya pili! Nikamweleza na yeye, kama nilivyomweleza daktari, na watu wa bima, na watu wa idara, kwamba kinywaji chenyewe kilikuwa chakula cha kwetu, wala si pombe. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema kidude hakiulizi jina, kinapima tu. Nilikasirika kimoyomoyo njia nzima kurudi nyumbani.

Basi tangu Septemba kila asubuhi nimekuwa nikiketi pale kwenye maegesho chini ya madirisha ya watu, navuma kama nyuki ndani ya gari. Wakati mwingine kinalia katikati ya safari na kutaka nipulize tena. Bibi mmoja ninayemtunza, ana miaka tisini na moja, aliniona akadhani napiga kinanda cha mdomo, akaniomba nimpigie wimbo wa Krismasi. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka yakawa si ya kicheko.

Maana Rebecka hakupanda gari lile. Miezi yote hiyo. Aliondoka nyumbani dakika kumi kabla yangu akatembea hadi kwenye treni, hata theluji ikiwa ya magoti. Mezani alinijibu, adabu hakunivunjia, lakini alinijibu Kiswidi kitupu kama mtu wa ofisini. Na nilipotaja safari ya Desemba ijayo, ya kuja kuweka msalaba wa Mama, alisema yeye haji. Alisema hawezi kusimama kwenye kaburi la Bibi halafu atazame watu wazima wanakunywa kutwa na kuondoka wakiendesha magari. Nikasema tena, mbege si pombe, Rebecka. Aliondoka mezani. Ndiyo maana uliponiuliza kwenye simu idadi ya tiketi nikakwepa kwepa. Nilikuwa sijui kama nina mtoto wa kuja naye.

Sasa sikiliza la Jumapili iliyopita.

Severin ndiye anayemfundisha kuendesha, mimi ruhusa hiyo ilikwenda na leseni. Na kwa kuwa gari ni moja, anayeendesha ndiye apulize, hata Rebecka. Kwa sababu hiyo binti alikuwa akiahirisha masomo wiki hadi wiki, mpaka siku hiyo ambapo mtihani umekaribia na hakuna namna. Tulikuwa tunakwenda kanisani. Nikakaa nyuma, nikajifanya natafuta kitabu cha nyimbo. Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa chumvi ya barabarani, Severin akakinyunyizia maji ya kuoshea, akanyunyiza tena na tena. Rebecka akachukua kile kidude, akapuliza, akavuma. Kikakataa. Taa nyekundu.

Akakitazama. Akamgeukia baba yake, akasema kwa sauti ya mtoto mdogo, "Men jag har inte druckit! Baba, sijanywa! Sijanywa kitu mimi!"

Yalikuwa maneno yangu yaleyale, na yeye aliyasikia yanavyotoka.

Dada, nitakuambia ukweli wangu wote. Shetani alinipa sekunde moja ya kufurahi. Nilitaka kusema, umeona? Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini nilimwona kwenye kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, mtoto ambaye tangu azaliwe hajaonja hata povu la bia. Nikamwambia, "Najua hujanywa, mama. Fungua milango." Yale maji ya kioo, huku huchanganywa spiriti ili yasigande, na Filip alishanionya kwamba mvuke wake ukiingia ndani kufuli linadanganyika. Tulifungua milango yote minne, tukasimama nje kwenye baridi kungoja hewa ibadilike, naye akasukutua mdomo kwa maji yangu ya chupa.

Tukiwa tumesimama pale nikalisema. Sijui lilitoka wapi, miezi tisa lilikuwa limenikwama. Nilimwambia wewe umesema kweli na mashine imekosea. Mimi siku ile nilisema nilichokiamini, na mashine ndiyo iliyosema kweli. Si kitu kimoja. Nilikuwa nimelewa, Rebecka. Sikujua, lakini nilikuwa nimelewa, na wewe ulikuwa umekaa kando yangu, na ningeweza kukuua. Na uliponisemea, hukusema uongo wewe. Uongo ulikuwa wangu, nikauendeleza mpaka leo kwa kuuita chakula.

Severin aliinama akajifanya anakagua tairi. Rebecka alilia. Hakunikumbatia, usidhani ni kama kwenye filamu. Alinishika mkono wa koti, hapa kwenye kiwiko, akaushika hivyo mpaka dakika za kungoja zikaisha. Kisha akaingia, akapuliza, gari likawaka. Alituendesha hadi kanisani, taratibu, na alilizima mara mbili kwenye mzunguko wa barabara mpaka basi likatupigia honi. Sijawahi kufika kanisani nikiwa na furaha vile, tena tumechelewa.

Kwa hiyo nakuandikia hili uwe umelisikia kwangu, maana umbeya una mbio kuliko barua. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, nami zizi langu ni wewe tangu Mama atutoke. Nigombeze ukitaka. Ila na mimi nina ombi, na si dogo.

Siku ya msalaba wa Mama mbege itakuwepo, sisemi isiwepo, Mama mwenyewe angefufuka kutuuliza. Lakini kaka yetu Anthony, tunajua sote, ataanza kunywa tangu saa nne asubuhi, na jioni atapakia watoto na wazee kwenye pikapu lake awarudishe kule chini, kama miaka yote, na sote tutampungia mkono. Mimi niliwahi kumpungia mara ngapi? Nakuomba asubuhi ile uchukue funguo zake kabla kata haijazunguka. Wewe ndiye mkubwa, hatakukatalia. Akinuna mwambie ni Elieshi, mdogo wako mlevi, ndiye aliyeomba. Niko tayari kwa jina hilo.

Na ile kata nitakuja nayo. Lakini kuonjea wageni, Dada, sijui kama mkono wangu bado unafaa. Labda umteue mtu mwingine. Nikiisimamia kata mbele ya Rebecka, kama atakuja, nitajisikiaje? Na kama hatakuja, ndiyo sitaweza kabisa. Sijamuuliza tena habari za safari. Nimeogopa kulichokonoa lililoanza kupona. Tangu Jumapili ananijibu Kiswahili, nusu nusu, na jana ameifungua bahasha moja ya idara bila kuambiwa, akanisomea. Kufuli linaondoka Septemba kama sitaharibu.

Nimemwambia nakuandikia wewe, na nikamwambia barua ina nini, yote. Nimemwachia nafasi chini ya karatasi akitaka kukusalimu. Nitaiacha mezani usiku huu, Elijah anaipitia kesho. Ukiikuta nafasi ni tupu, usimlaumu, na usimpigie simu.

Nisalimie Shemeji, Anthony na mkewe, Mama Ndelilio wa ng'ambo ya mfereji, na mwalimu wetu wa kwaya kama bado anakumbuka aliyemharibia pambio la Pasaka. Wabusu wajukuu wote, hata yule anayeuma. Mungu wa Mama yetu akulinde uingiapo na utokapo, na alilegeze hilo goti mpaka Desemba tucheze.

Ni mimi mdogo wako akupendaye kuliko anavyoweza kuandika,

Elieshi

*

Mama Mkubwa shikamoo. Ni mimi Rebecka. Kiswahili changu cha kuandika si kizuri, samahani. Nakuja Desemba. Nitakuwa nimepata leseni, Baba anasema kuna karatasi nyingine ya kuendesha nje ya Sweden, nitaitafuta mwenyewe. Mama aonje kwa wageni wote, mafundo mawili, kama Bibi. Funguo za Mjomba Anthony usikae nazo wewe. Nipe mimi. Mimi nitawarudisha watu wote nyumbani, na Mama atakaa mbele.